Daftari la wifi

Desemba ya 2014 nilipanda basi kwenda nyumbani kama Wachaga wengine wote wanavyofanya mwezi huo, ila safari ile haikuwa ya kula Krismasi. Tulikuwa tumeitwa kwenye kikao. Mama alipatwa na kiharusi mwezi Agosti, akiwa na miaka 79, akapooza upande wote wa kulia.

Mimi ni mwalimu, nafundisha Dodoma. Bima yangu ya afya ya taifa ilikuwa inamchukua mwanachama, mwenza wake na wategemezi wanne, na wazazi wanahesabiwa humohumo. Nina watoto watatu. Ilibaki nafasi moja, na wazee walikuwa wawili: mama yangu mzazi na mama mkwe. Ile fomu ilikaa kwenye mkoba wangu wiki nzima. Nilikuwa naitoa, naitazama, nairudisha. Mume wangu ndiye aliyenitua mzigo ule. "Andika mama yako," aliniambia, "wa kwangu tutamlipia mkononi." Sitamsahau kwa neno lile, maana mama mkwe alikuwa na presha, na dawa zake tulizinunua kwa fedha taslimu mpaka alipofariki.

Basi mama alipolazwa, kitanda na vipimo vililipwa kwa kadi yangu, na nikahesabu kwamba sehemu yangu nimeimaliza. Nilifika nyumbani Marangu moyo mweupe kabisa.

Kikao kilikaa tarehe 27, baada ya chakula cha mchana. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyeongoza. Kulikuwa na mbege mezani, pombe yetu ya ndizi, hakuna aliyeigusa.

Kaka mkubwa, mwenye duka la vipuri Kariakoo, alianza hata kabla hajapewa nafasi. "Baba mdogo, mimi natuma laki mbili kila mwezi tangu Septemba. Hizo ni laki nane. Naomba kujua zimekwenda wapi, kwa sababu nimeingia ndani nimemkuta mama amelalia shuka kuukuu."

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa ameinamia sakafu. Kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake, yaani shamba la ukoo linaloizunguka, na kuwatunza wazee kumo ndani ya urithi huo. Kaka alimkumbusha hivyo, tena kwa sauti ya kusikika jikoni: "Kihamba ni chako, mama ni wako. Sisi tunakusaidia tu."

Dada yangu wa Mwanza aliitikia kwa kichwa. Mimi sikusema kitu, ila moyoni nilikubali, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Desturi ile iliwekwa wakati kihamba kinalisha nyumba nzima. Chetu kilikuwa kimegawanywa mara ngapi! Unasimama mlangoni unaona mpaka wa jirani, na katikati ni migomba na mibuni michache iliyozeeka. Tulimwachia mdogo wetu ardhi ya kikombe, tukamdai mzigo wa gunia.

Baba mdogo akauliza kama kuna daftari la matumizi. Mdogo wetu akamwita mkewe. Wifi alitoka jikoni akifuta mikono kwenye khanga.

"Daftari ninalo, baba. Ila silo la hela."

Lilikuwa daftari la shule la mwanawe, gamba limelowa mafuta ya kupaka. Kaka alilipokea, akalifungua katikati, akaanza kusoma kwa sauti. "Saa 2 kulia. Saa 4 chali. Saa 6 kushoto. Saa 8 kulia. Saa 10 chali..." Akafunua ukurasa mwingine. Vilevile. Sauti ikamkatika, lakini vidole viliendelea kufunua, ukurasa kwa ukurasa, usiku kwa usiku. Pembeni palikuwa na maneno mafupi kwa kalamu nyekundu: *uji vijiko 6. Kakataa. Kisigino chekundu.*

Siku mama anaruhusiwa, muuguzi alimwambia wifi kwamba mgonjwa wa namna ile ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asije akapata vidonda vya kulalia. Basi alifanya hivyo kwa miezi minne. Aliandika ili usingizi usimdanganye kwamba ameshamgeuza. Mama hakuwa na kidonda hata kimoja mwilini. Kile kisigino kilichokuwa chekundu kilikuwa kimewekewa kimto cha sufi alichokishona mwenyewe.

Zile laki nane mdogo wetu alizitaja kwa kichwa: nepi, maziwa, na teksi ya kumpeleka kliniki Moshi, maana mtu aliyepooza huwezi kumbana kwenye Hiace. Zilikuwa zimeisha zote. Shuka kuukuu lilikuwa pale kwa sababu ni laini.

"Haya," baba mdogo alisema, "anayejua bei ya ukurasa mmoja wa hili daftari aseme."

Hakuna aliyesema. Tuliyokubaliana baadaye yalikwisha haraka: msichana wa kusaidia, kaka amlipe, sisi wengine tugawane nepi na teksi, na kila mmoja aje kukaa na mama likizo yake. Kaka alitimiza lake mpaka mwisho. Wengine tulipwaya, nikiwemo mimi.

Usiku ule mimi na dada tulimwambia wifi aende akalale chumba cha watoto, tutamgeuza mama wenyewe. Saa 8 ilipofika tulisimama huku na huku kitandani, hatujui tuanzie wapi. Nilishika ule mkono uliopooza nikavuta. Mama akaguna.

"Shika shuka, wifi, usishike mkono."

Alikuwa amesimama mlangoni, khanga mabegani, macho mazito. Hakuna aliyemwamsha. Nilimsihi arudi kulala, akasema sawa, wala hakuondoka. Tulishika shuka pande mbili, tukahesabu mpaka tatu, mama akageuka bila kuguna. Wifi akaja, akakisogeza kile kimto chini ya kisigino, kisha akanipa kalamu.

Nikaandika: *Saa 8, kulia.*