Jina refu la baba yake babu

Ijumaa, baada ya magharibi

Kwenye ukoo wetu kuna jina ambalo watoto hukaririshwa wakingali wadogo, pamoja na Alhamdu na Kulhuwallahu. Ni jina la baba yake babu yangu. Linaanza na jina lake mwenyewe, linapanda bin baada ya bin hadi babu wa saba, linaingia kwenye jina la mlango, yaani tawi la ukoo, lenye Ba- mbele yake, kama walivyo kina Bakathir, Bawazir na Bafadhil, kisha linafungwa na nisba mbili, yaani majina ya asili: al-Kindi, la kabila la Kinda, na ash-Shibami, la mji wa Shibam. Mtoto akilisema lote bila kukwama, wazee humtunza. Hapa silitaji, kwa kuwa wapo ndugu zangu wanaolitumia mpaka leo. Nitamwita Mzee, kama tunavyomwita nyumbani.

Mzee alikuja Unguja kutoka Hadhramaut, huko Yemen, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado hazijamshika, juu ya jahazi la kaskazi. Hakurudi tena kwao. Kaacha watoto, wajukuu, vitukuu, na hilo jina. Mimi ni kitukuu.

Tulivyokua, maana ya jina lile ilikuwa moja tu: sisi ni uzao wa wafalme. Ami yangu mkubwa ndiye aliyekuwa akitusimulia barazani. Kinda ni kabila lililotoka Hadhramaut likatawala Uarabuni ya kati katika karne ya 5 na ya 6, kabla ya Uislamu. Imru' al-Qays, yule mshairi ambaye kasida yake imo katika Mu'allaqat, zile kasida mashuhuri za Waarabu wa kale, alikuwa mtoto wa mfalme wa Kinda. Mwanafalsafa al-Kindi wa Baghdad, wa karne ya 9, naye ni wa kabila hilo hilo. Ami akifika hapo hunyamaza kidogo, atutazame mmoja mmoja, aseme: "Na nyinyi ni damu hiyo hiyo, wanangu. Msiichezee."

Yote aliyoyasema kuhusu Kinda ni kweli. Kinachokosekana ni kamba ya kutuunganisha nao. Ukimhesabia kila babu miaka 30, majina saba yanakufikisha mwisho wa karne ya 17 au mwanzo wa karne ya 18, basi. Kutoka hapo kurudi nyuma mpaka kwa Imru' al-Qays ni zaidi ya miaka elfu moja, na katika miaka yote hiyo hatuna jina hata moja la kuokota. Nisba inakutajia kabila la mtu. Haikwambii kama baba zake walikuwa na taji au walikuwa na mbuzi wawili na kisima kilichokauka.

Kuna hadithi ya pili, nayo iko karibu zaidi. Sheikh Abdallah Bakathir, yule mwanachuoni aliyezaliwa Lamu na akasomesha Ukutani hapa mjini mpaka alipofariki mwaka 1925, naye alikuwa al-Kindi. Na Sayyid Ahmad bin Sumayt, kadhi mkubwa wa Unguja, mzaliwa wa Ngazija, ukoo wake umetoka Shibam, na yeye pia alifariki mwaka huo huo wa 1925. Kwa hivyo kwenye Unguja aliyoikuta Mzee, mwalimu mkubwa alikuwa Kindi na kadhi mkubwa alikuwa na asili ya Shibam. Wazee wetu wanasema Mzee alikuwa jamaa yao. Nimepitia kila karatasi niliyoweza kuipata na sijauona udugu huo, ila naelewa ulikotoka. Mchukuzi wa bandarini akiswali nyuma ya watu kama hao, akajua nisba yake na zao ni moja, ataacha vipi kuwaambia wanawe?

Ndiyo, mchukuzi. Hili kwenye ukoo halisemwi kwa sauti. Washihiri, kama walivyoitwa hapa watu wote wa Hadhramaut kwa sababu ya bandari yao ya ash-Shihr, wengi wao walikuwa mahamali, wauza kahawa na wachuuzi. Walibeba magunia ya karafuu na ya mchele, walisukuma magari ya hamali, walipita vichochoroni alfajiri wakigonganisha vikombe vya kahawa. Waarabu wa Kiomani wenye mashamba waliwaona watu wa chini. Mzee alianzia kwenye magunia, akamalizia kwenye kahawa.

Haya nimeyasoma kwenye faili lake la mirathi, Nyaraka za Taifa, kule Kilimani. Leo nimelishika tena, na ndiyo sababu ya kuandika usiku huu.

Faili lenyewe ni jembamba. Juu ya jalada karani kaandika kwa Kiingereza majina mawili tu, lake na la baba yake, na mwisho wake kabandika "Shihiri". Hilo ndilo jina ambalo serikali ilimjua nalo. Ukifungua ndani, karatasi ya pili ni ya Kiarabu, kwa mwandiko mzuri wa karani wa kadhi, wino umegeuka rangi ya kahawia, na hapo Mzee yumo mzima: babu wote saba, mlango, al-Kindi, ash-Shibami. Jina limechukua mstari mmoja na nusu. Nimeona karani alivyobana herufi mwisho wa mstari ili mlango usikatike.

Chini yake ni orodha ya mali. Dele mbili za shaba, yaani birika za kahawa, moja imezibwa kwa risasi. Vikombe, vingine vina nyufa. Seredani, jiko la makaa. Kinu na mchi wake. Kikaango cha kukaangia buni. Kanzu, vikoi, kilemba kimoja. Kasha la mbao lenye kufuli. Hakuna shamba, hakuna nyumba, hakuna dhahabu. Nilipoisoma mara ya kwanza nilitafuta ukurasa unaofuata, nikidhani orodha inaendelea.

Kinachoendelea ni madeni, na hapo ndipo nimekaa leo saa nyingi kuliko popote. Mzee alikuwa akiwadai watu na akidaiwa. Majina ya pande zote mbili karibu yote yana Ba- mbele yake, na karibu kila mstari una maneno ya karani kwamba hakuna hati. Watu walikopeshana fedha bila karatasi, bila rehani, na alipokufa walikuja wenyewe mbele ya kadhi kusema: mimi nilikuwa na fedha yake, kiasi kadha.

Nikajiuliza, mtu mwenye kikoi na dele iliyozibwa, nani alimwamini, na kwa dhamana gani?

Ilikuwa hivi. Kijana anateremka jahazini Funguni, baada ya kulala juu ya shehena tangu Mukalla au ash-Shihr. Hana fedha, hana cheti, Kiswahili hakijui. Anapelekwa kwa Washihiri waliotangulia, na huko anaulizwa jambo moja: wewe ni nani? Anajibu kwa jina lake lote. Wale wanaomsikiliza wanalijua bonde la Hadhramaut mji kwa mji. Wanajua Shibam ina nyumba gani na nani anakaa ndani yake, maana ni mji mdogo uliozungukwa na ukuta, nyumba zake ndefu za udongo zimebanana. Wanajua kama watu wa mlango ule ni masharifu, mashekhe, makabila au masikini, kwa sababu Hadhramaut watu walipangwa hivyo. Akimaliza kulisema, yuko mmoja atakayesema: babu yake namjua.

Basi anapewa pa kulala, kwenye ghala au ukumbini kwa mtu. Anaingizwa kwenye kikundi cha wachukuzi. Siku moja anapewa dele na buni kwa mkopo. Na akitoroka na mali za watu? Kaskazi ikigeuka kuwa kusi, majahazi yanarudi Uarabuni, na barua inakwenda nayo. Inafika Shibam kwa baba yake, kwa ami zake, mpaka msikitini. Aibu inaangukia nyumba nzima. Kila bin katika jina lile ilikuwa mtu wa kuulizwa.

Hivyo ndivyo ninavyolisoma jina la Mzee sasa. Wafalme sioni walipo. Namwona kijana maskini aliyevuka bahari na mali moja ambayo hakuna nahodha wa kuitoza nauli wala mwizi wa kuiiba, na kwa mali hiyo akala, akalala, akapata kazi, akaaminiwa fedha za watu mpaka siku ya kufa. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko taji la Kinda, na nitalisema mbele ya ami yangu kwa adabu zote.

Na jina hilo hilo lilikuja kuwa hatari. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, jina la Kiarabu lenye nisba mbili lilikuwa linakuanika. Waarabu wengi waliuawa, wengine waliwekwa kambini, wengi waliondoka au waliondoshwa kwa meli. Babu yangu, mtoto wa Mzee, alibaki. Shangazi yangu alikuwa msichana mdogo, na anakumbuka usiku ambao babu alilifungua lile kasha, akatoa barua za Hadhramaut, akazitia moja moja kwenye seredani. Hakusema neno. Tangu siku hiyo kwenye kila karatasi ya serikali babu ana majina mawili, lake na la baba yake. Ba- imeondoka, Kindi imeondoka, Shibam imeondoka. Alivyobaki akiwafunza watoto jina zima kwa mdomo tu, ndani ya chumba, milango imefungwa, ndivyo lilivyotufikia. Shangazi alinisimulia akiwa anachambua mchele, hakuinua macho kutoka kwenye ungo, na mimi sikumhimiza.

Sasa jina limerudi. Ndugu zetu walio Muscat na Dubai wanaliandika lote, na kuna kikundi cha ukoo cha WhatsApp ambako mti wa nasaba unatengenezwa kwa ajili ya kuchapwa. Mimi nimo na nimefurahi. Lakini juzi nilipoletewa rasimu niliangalia upande wa Mzee, nikaona mstari unashuka kwake kwenda kwa wanawe watatu, na ubavuni pake hakuna kitu.

Mkewe yuko wapi?

Kwenye faili yumo. Kapewa thumuni yake, sehemu moja ya nane, kama sheria inavyompa mke aliyeachiwa watoto. Karani yule yule aliyembana Mzee babu saba kwenye mstari mmoja na nusu, mkewe kamwandika kwa jina moja tupu. Hana binti fulani, hana kwao.

Ila nyuma kabisa ya faili, imeshikizwa kwa pini iliyoota kutu, kuna risiti ya kodi ya kiwanja cha Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe. Kwa Ng'ambo ya wakati ule mtu alijenga nyumba yake mwenyewe juu ya kiwanja cha mwingine, akamlipa kodi. Kodi hiyo iliwachosha watu mpaka mwaka 1928 waligoma kuilipa. Risiti ile iko kwa jina la mwanamke huyo: jina lake, binti, jina la baba yake. Kumbe ndiyo sababu orodha ya mali haina nyumba. Nyumba aliyokaa Mzee, walimozaliwa watoto, ambamo lile kasha lilikuwa mvunguni, ilikuwa ya mkewe. Jina refu lilimpatia Mzee dele na wakopeshaji. Paa juu ya kichwa alipewa na yeye, na sisi sote tumezaliwa chini ya paa hilo.

Shangazi anasema bibi yule alikuwa mtu wa Makunduchi, kusini ya Unguja. Anakumbuka kusikia kwamba kila Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya huko, alikuwa akifunga safari kwenda kwao na kurudi na samaki mkavu na ukili wa kusukia mikeka. Hilo linatosha kuanzia. Kule watu wanajuana kwa viambo, na wazee wa kiambo wanajua nani aliolewa mjini na nani hakurudi. Nimewaandikia wanakikundi wasiupeleke mti kwa mchapaji bado. Mwaka Kogwa ni mwezi wa Julai, watu wa Makunduchi walio mbali wote hurudi nyumbani. Nitakwenda na shangazi akijaaliwa uzima, nikiwa na nakala ya risiti mkononi, nikaulize kwa jina lake na la baba yake.