Mnada wa samaki ndani ya konsoli: Java, hatua ya kufunga mzigo

Programu ya mnada sasa inafunga mzigo yenyewe. Awali ilikuwa inapokea dau (bei anayotaja mnunuzi), inapandisha bei, inamtaja anayeongoza, basi. Mnada haukuwa na mwisho mpaka uizime programu. Sasa inauza, inaandika nani kachukua na kwa shilingi ngapi, kisha inaleta fungu linalofuata.

Kwa anayeingia leo: najifunza Java, lugha ya kuandikia programu, kwa mazoezi ya konsoli, yaani programu za maandishi matupu, hakuna picha wala vitufe vya kubofya. Mazoezi mengi ya kuanzia huleta klasi (kiolezo cha kutengenezea vitu ndani ya programu) ya Mnyama, halafu Mbwa na Paka wanairithi, yaani wanachukua sifa zake, kila mmoja na mlio wake. Sintaksia, yaani kanuni za uandishi wa lugha, utaipata humo. Ila mnyama wa namna hiyo hana kanuni yoyote ya kulinda, na bila kanuni ni vigumu kuona kwa nini data ifichwe au klasi zitenganishwe. Mimi nimechukua kitu ambacho kanuni zake nimekua nikizisikia: mnada wa samaki wa hapa Bagamoyo, kule ufukweni. Na hilo haliko mbali na asili ya jambo lenyewe. Simula, lugha iliyoanzisha mambo ya klasi na objekti (kitu kilichotengenezwa kutokana na klasi), ilitengenezwa Norwei miaka ya 1960 na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, na kazi yake ilikuwa kuigiza shughuli za kweli ndani ya kompyuta. Java ilikuja baadaye sana, 1995.

Klasi kuu ni mbili, Mzigo na Mnada. Ndani ya Mnada kuna mstari huu, unaoifanya bei kuwa namba nzima (int) iliyofichwa ndani ya klasi hiyo (private):

private int bei;

Huo mstari mmoja ndio ulionifanya niipende programu hii. Sokoni bei haibadilishwi na kila apitaye. Inapita kwa dalali, na ikishapanda haishuki. Katika programu, hakuna klasi nyingine inayoweza kuigusa bei moja kwa moja. Njia ni methodi, yaani kitendo cha klasi, iitwayo pokeaDau peke yake, na methodi hiyo inakataa dau lisilozidi bei iliyopo. Inakataa pia mtu kujipandia mwenyewe wakati tayari anaongoza. Hapo majina yalinganishwe kwa equals, inayolinganisha herufi. Alama ya == huuliza kama ni objekti ileile kwenye kumbukumbu, na jina lililoandikwa mara mbili kwenye kibodi huwa ni objekti mbili hata kama herufi zote ni sawa.

Kanuni ya kufunga nimeipata kwa dalali mmoja mzee ambaye nilimfuata asubuhi baada ya mashua kushusha.
"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwanangu."
Nikamwonyesha kwenye laptopu. Akaangalia dau zinavyopanda, akatikisa kichwa. "Sasa hawa wakinyamaza unawafanyaje? Mimi nahesabu. Moja, mbili, tatu, kachukua. Akitokea wa kupanda kabla ya tatu, naanza upya."

Nimeiweka hivyo hivyo. Kubonyeza Enter bila kuandika kitu ni kimya. Vimya vitatu mfululizo, mzigo umeuzwa. Dau jipya hurudisha hesabu sifuri. Kipande cha jana usiku:

Mzigo: changu, fungu moja
Bei ya kuanzia: 8000
> mkaangaji 9000
Bei sasa 9000, anaongoza mkaangaji
> hoteli 8500
Dau halikupokelewa, bei imeshafika 9000
>
Moja...
>
Mbili...
> hoteli 10000
Bei sasa 10000, anaongoza hoteli

Kanuni hii ya kimya ndiyo iliyoamua namna ya kusoma maandishi, na hapa nashauri kila anayeanza atulie kidogo. Scanner, klasi ya Java ya kusoma kinachoandikwa kwenye kibodi, ina nextInt ya kusoma namba na nextLine ya kusoma mstari mzima. nextInt huchukua tarakimu na kuishia hapo. Alama ya Enter uliyobonyeza inabaki nyuma. nextLine inayofuata huikuta alama hiyo na kurudisha mstari mtupu. Kwenye mazoezi ya kawaida utaona tu swali limerukwa. Kwenye mnada, mstari mtupu ni kimya! Kila dau lingefuatwa papo hapo na "Moja..." ambayo hakuna mtu aliyeinyamazia, na wanunuzi wangebaki na nafasi mbili badala ya tatu. Kwa hiyo nextInt haimo kabisa. Nasoma mstari mzima kwa nextLine, naukata kwenye nafasi ya mwisho kwa lastIndexOf ili mnunuzi anayeitwa "baba lishe" asipoteze nusu ya jina, kisha Integer.parseInt inageuza kiasi kuwa namba. Mtu akiandika "elfu tisa" kwa maneno, NumberFormatException, kosa ambalo Java hutoa maandishi yasipogeuka namba, inakamatwa na programu inamwomba aandike kwa tarakimu.

Fedha zote ni int. double, aina ya namba zenye desimali, haifai kwa pesa: 0.1 kujumlisha 0.2 huko hutoa 0.30000000000000004. Fungu la dalali, yaani malipo yake kwa kila mauzo, nimeliweka asilimia 5, ya mfano tu, na mpangilio wa hesabu una maana. 23500 * 5 / 100 inatoa 1175. Ukianza na 5 / 100 unapata sifuri, kwa sababu int ikigawanywa kwa int desimali hutupwa, na dalali anarudi nyumbani mikono mitupu.

Kurithi kumeingia kwenye Mzigo. Changu huuzwa kwa fungu, dagaa kwa ndoo, pweza nimemweka kwa kilo. Mzigo ni klasi ya abstract, yaani haitengenezewi objekti moja kwa moja, yenye methodi maelezo, na kila aina inajieleza kwa kipimo chake. Mnada unashika ArrayList, yaani orodha, ya Mizigo na haujui ndani mna nini. Juzi nimeongeza kamba, na faili la Mnada sikuligusa hata herufi.

Kilichobaki ni kuhifadhi mauzo kwenye faili, maana programu ikizimwa kila kitu kinapotea. Nimeanza na maandishi yaliyotenganishwa kwa koma: mzigo, mnunuzi, bei, fungu la dalali. Tatizo limejitokeza mapema, kwa sababu maelezo ya changu yenyewe yana koma, "changu, fungu moja", na mstari ukisomwa tena safu zinasogea. Nafikiria kutumia alama ya | badala yake, na pokeaDau ikatae jina lolote lenye alama hiyo.