Nilivyopata mtu wa kukaa na mwanangu saa kumi alfajiri

Kazi yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Ni mpishi wa kifungua kinywa katika hoteli moja hapa Kampala, na wageni wa kwanza wanashuka saa kumi na mbili na nusu wakitegemea kukuta mananasi yamekatwa, mayai yako tayari, katogo ya matoke imeiva. Nyumbani Kinawataka natoka saa kumi na dakika ishirini. Saa hizo barabara ya Jinja ina malori tu, na watu wanaoshusha matoke soko la Nakawa.

Baba yake mtoto ni dereva wa lori, Mombasa kuja Kampala, na safari nyingine anapitiliza hadi Juba. Foleni ya mpakani Malaba peke yake inaweza kumla siku mbili. Akiwepo nyumbani, asubuhi ni yake na mimi naondoka moyo ukiwa mweupe. Shida ni zile siku kumi au kumi na mbili ambazo hayupo.

Likizo yangu ya uzazi, zile siku 60 za kazi zilizomo katika sheria ya ajira ya 2006, ilikwisha upesi. Baada yake mama yangu akaja kutoka Jinja akakaa nasi zaidi ya mwaka. Lakini naye ana bustani yake na baba yangu wa kumwangalia. Siku aliyopanda taksi, yaani matatu, kurudi kwake, mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, na mimi sikuwa na jibu.

Ushauri niliopewa kila kona ulikuwa mmoja: leta msichana kutoka kijijini. Kazini waliniambia hivyo, shangazi akaniambia hivyo, hata mama mmoja tuliyekaa naye siti moja kwenye taksi. Shangazi hakungoja niseme ndiyo, alimtuma. Nikamfuata steji ya taksi jioni. Alishuka na nguo zake kwenye kavera, mfuko wa plastiki, akapiga magoti kunisalimia. Nikamuuliza umri, akasema 17, kama mtu aliyefundishwa kusema. Nikamuuliza shule aliacha darasa la ngapi, akasema la tano, mwaka jana. Alikuwa mtoto. Alilala kwangu siku mbili, akala, nikamnunulia madaftari na kalamu, nikamlipia nauli na kumrudisha kwao mimi mwenyewe. Shangazi alininunia miezi. Mpaka leo mtu akinitajia ushauri huo nakasirika wazi, maana nilimwona huyo mtoto kwa macho yangu na najua walichotaka nifanye: nimfungie ndani usiku na mtoto mwingine, mimi niko mjini.

Akaja mama mtu mzima, akakaa hadi Krismasi, hakurudi. Huyo sina la kusema juu yake.

Halafu kituo. Karibu na kwetu kuna kituo cha kulelea watoto, sitakitaja jina. Ukuta umechorwa twiga na simba, vitanda vidogo vinanukia sabuni. Saa zilizoandikwa getini ni kuanzia saa moja asubuhi, kama karibu vituo vyote nilivyoulizia. Vinamhesabu mtu wa ofisini. Mpishi, muuguzi, mfagia barabara na mama wa nyanya sokoni hawamo. Nikamweleza mwenye kituo shida yangu. Akaniambia, “Usijali, dada. Matroni analala hapa hapa. Lete hata saa kumi, wako wengine wanaoleta mapema.” Nikalipa mwezi mzima, na juu yake shilingi 50,000 ya hayo masaa ya alfajiri.

Siku mbili za kwanza walifungua vizuri. Siku ya tatu niligonga dakika kumi nzima. Wiki ya pili, Jumatano, mvua ikaanza usiku wa manane na haikunyamaza. Nilimfunga mwanangu mgongoni kwa leso mbili, nikafunika kavera kubwa nyeusi mabegani nikiacha kichwa chake nje apate hewa, mwavuli mkononi. Nikafika getini, nikagonga. Ndani nikasikia mlinzi akikohoa.

“Nani?”

Nikajitaja.

“Funguo anazo matroni.”

“Basi mwamshe, afande, mtoto analowa.”

Akanyamaza kidogo, kisha akasogea karibu na geti. “Matroni alikwenda kwao jana. Atarudi saa mbili.”

“Na hao wengine wanaoletwa mapema?”

“Wengine gani, mama? Wa mapema ni wewe tu.”

Maneno hayo yaliniingia kuliko ile mvua. Hakukuwa na huduma yoyote ya alfajiri pale. Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyechoka, anaamshwa usingizini kwa ajili yangu, na ile 50,000 hakuwahi hata kuiona. Nilimuuliza baadaye akaniambia mwenyewe.

Sikuwa na njia nyingine, nikaenda naye kazini. Askari wa hotelini alinionea huruma akanipitisha. Nikamvua nguo za maji, nikamlaza chumba cha kubadilishia nguo juu ya furushi la mashuka, nikamwachia mlango wazi kidogo ili nimsikie. Jikoni saa kumi na mbili hakuna anayesikia kitu. Aliamka, akashuka, akanitafuta kwa miguu yake. Nilipogeuka nilimwona yuko mlangoni pa jikoni, peku, na mwenzangu anakuja upande wake amebeba sufuria ya viazi vinavyotokota. Alimkwepa kwa hatua moja. Maji yalimwagika kwenye vigae, yakatoa mvuke mbele ya vidole vya mwanangu.

Msimamizi aliniandikia barua ya onyo siku ile ile. Haki yake. Ile sufuria naiota mpaka leo.

Usiku ule sikulala, na katika kutolala huko ndipo nilipopata wazo ambalo hakuna mtu alikuwa amenipa. Nilikuwa natafuta mtu atakayekubali kuamka kwa ajili yangu. Mtu wa namna hiyo ataamka wiki ya kwanza, ya pili atachoka. Nilitakiwa kumtafuta mtu ambaye saa kumi ameshaamka kwa shughuli zake mwenyewe, mimi nisiwepo au niwepo.

Siku yangu ya mapumziko nikampigia kijana wangu wa bodaboda, yule yule anayenipeleka kazini, nikamlipa kama 5,000 anizungushe mtaani kuanzia saa kumi kasoro. Jirani alikaa na mtoto. Tulikwenda polepole, na mimi naangalia taa tu. Ukitaka kuujua mtaa wako, upite saa hizo. Msikiti taa zinawaka. Mama wa nyanya anafunga makreti yake nyuma ya pikipiki kwenda Nakawa. Askari wa duka la simenti yuko macho, mwenzake wa ng'ambo amelala. Halafu, nyumba kama kumi kutoka kwangu, upande wa kwenda kambi ya jeshi ya Mbuya, nikaona taa ya varandani na nikasikia harufu ya iliki.

Jaja, yaani bibi, wa mandazi. Tulikuwa tunasalimiana naye miaka miwili kwa Kiganda, “Jebaleko, Jaja,” na kupita. Alfajiri ile alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakata donge la unga na kuhesabu vipande kwa sauti: thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini. Kwa Kiswahili. Mimi nimezaliwa na kukulia kambi ya polisi Jinja. Kiswahili ndicho tulichochezea, tukagombania, tukachapiwa. Nikashuka kwenye boda. “Shikamoo, Jaja.” Akainua uso, akanitazama, kisu bado mkononi. “Marahaba, mwanangu. Kumbe wewe ni wetu?” Mume wake marehemu alikuwa askari jeshi, yeye ni Mnubi, kabila lenye asili ya Sudan, wa mji wa Bombo.

Sikumwambia kitu siku ile. Nilinunua mandazi kumi nikaondoka. Kwa wiki mbili nilikuwa napita kwake saa tofauti bila kumwarifu. Saa kumi na dakika tano, saa kumi na nusu, mara Jumapili, mara siku ya mvua kubwa. Taa haikukosa hata siku moja. Nikamuuliza mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, anamjuaje, akasema mama huyu ameuza mandazi hapa kabla barabara haijawekwa lami. Mabinti wawili waliopanga nyumba yake ndiyo walionithibitishia kwamba wajukuu wake wote walipitia mikononi mwake. Hapo ndipo nikaenda jioni, na kilo mbili za sukari, nikakaa chini kwenye mkeka nikamweleza.

Swali lake la kwanza: “Anakojoa kitandani?” La pili: “Anaumwa mara ngapi?” Nilijua hapo kwamba nimefika kwa mtu anayejua kazi. Akatoa masharti yake. Mtoto mwenye homa nisimlete, kwa sababu anapikia watu. Nisichelewe kumpa namba ya simu ya baba yake. Alitaka 4,000 kwa siku, mimi nikasema 2,500, tukakutana 3,000, kila Jumamosi, fedha mkononi. Kwa mwezi haifiki 80,000 nikitoa siku ambazo baba yake yupo, hata ukiongeza sukari na sabuni za hapa na pale.

Mimi nilikuwa na sharti moja tu, mafuta ya moto, na nilimweleza habari ya ile sufuria. Hakukasirika. Alisimama akanionyesha: sigiri zote mbili zinakaa varandani, haziingii ndani hata mvua inyeshe, kwa sababu moshi wa makaa katika chumba kilichofungwa unaua watu wakiwa usingizini. Mtoto analala chumba cha ndani, dirisha wazi, na kati ya chumba na varanda kuna mlango wa nusu, wa mbao, ambao marehemu mume wake alitengeneza kwa ajili ya wajukuu. Komeo liko upande wa nje, juu. Nililijaribu mwenyewe mara tatu.

Kumhamisha mtoto aliyelala ni ufundi, na huu nimeupata kwa kukosea. Mara ya kwanza nilimbeba mgongoni kama kawaida. Kule kumfunga na kumfungua ndiko kulikomwamsha, akapiga kelele hadi mabinti wakatoka nje. Sasa namlaza jioni akiwa tayari na soksi na sweta. Namviringisha na shuka lake lile lile alilolalia, namchukua kifuani, na shuka linabaki naye kwa Jaja. Pia niliazima leso moja ya Jaja, haijafuliwa, mwanangu akalala nayo wiki nzima kabla hatujaanza. Harufu ya iliki na moshi wa makaa ikawa harufu ya kulala.

Hata hivyo asubuhi tatu aliamka akalia sana kwa kutoniona. Nilikuwa nimezoea kumtoroka, nikidhani ndiyo huruma. Jaja alinikataza. “Mwambie jioni. Anaelewa huyu.” Basi kila usiku nikimpaka mafuta namwambia, kesho utaamka kwa Jaja, mama atakuwa anapika, jioni tuko wote. Siku ya nne alipoamka, Jaja ananiambia, alikaa kimya kidogo, akatazama chumba, akasema, “Mama anapika.” Kisha akaomba uji. Nilipoelezwa hayo nililia pale pale varandani, mbele ya wateja wa mandazi.

Mwaka mmoja na zaidi umepita. Mwanangu yuko klasi ya beibi, ya kwanza ya chekechea, na gari la shule linamchukua kwa Jaja saa kumi na mbili na nusu, ameshaoshwa uso, ndazi moja kwenye karatasi mkononi. Kazini sijachelewa tena tangu barua ile. Baba yake akiwa Malaba kwenye foleni anampigia Jaja kwanza, mimi baadaye.

Kitu kimoja nilikiwahi mapema, na mwenye shida kama yangu anapaswa kukiwahi pia: Jaja ni mtu, ana kwao. Idi iliyopita alikwenda Bombo siku nne. Wiki tatu kabla nilikuwa nimeshazungumza na yule mama wa nyanya, ambaye dada yake anabaki nyumbani akichambua nyanya kwa taa kuanzia saa tisa. Nilimpeleka mwanangu kucheza kwao jioni mbili, nikampa dada leso ile ile. Siku ya kwanza ya Idi nilimkabidhi saa kumi na dakika kumi na tano. Alipokea mikono miwili, akageuza kichwa cha mtoto taratibu begani asiamke, na kwa mkono wa kijana wangu wa boda akaniletea kazini nyanya sita kwenye kavera, zawadi ya sikukuu.