Waitoshe Hii Jino

Mzee alikuwa ameshika taya la kushoto kwa kiganja kizima. Shavu limevimba, jicho la upande ule limebaki mstari. Ilikuwa Februari 2018, saa nane za usiku, idara ya dharura ya hospitali moja magharibi mwa Michigan, na mimi nilikuwa mkalimani wa zamu. Kazi hiyo ya muda ilinifaa mara mbili: ilinipa nauli, na ilinihesabia saa za kuwa karibu na wagonjwa, ambazo vyuo vya udaktari vya Marekani huziangalia sana.

Alikuwa mtu wa Uvira, mashariki mwa Kongo, aliyefika Grand Rapids kupitia kambi ya Nakivale, Uganda. Daktari alimuuliza maumivu yalianza lini, nikatafsiri, akajibu. Halafu akanigeukia mimi, si daktari.

"Waitoshe tu hii jino, binti yangu. Waitoshe."

Mimi ni mtoto wa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru. Kwetu kitu kikitosha, kimetosha, hutaki zaidi. Nilishafungua mdomo kumwambia daktari kwamba mzee amechoka na matibabu, anaomba aachwe. Macho yake ndiyo yaliyonizuia.

"Babu, unasema imetosha?"

Akatikisa kichwa, akakutanisha vidole viwili hewani, akavuta juu. Hapo nikaelewa. Kwao kutosha ni kutoa. Alikuwa anaomba ang'olewe jino.

Nikamweleza daktari. Akasema pale hawang'oi meno. Hakuwa mtu mbaya, na sikumlaumu wala simlaumu leo. Hakukuwa na kiti wala koleo, na hiyo haikuwa kazi aliyosomea. Alimwandikia dawa ya kuua vijidudu na ya kutuliza maumivu, akampa karatasi yenye namba za simu za madaktari wa meno. Mzee akaitazama ile karatasi, akatoa mfukoni nyingine iliyokunjwa. Zilikuwa sawasawa. Wiki tatu nyuma alikuwa amekuja pale pale, akapewa dawa zile zile, uvimbe ukashuka, ukarudi.

Niliporudi bwenini sikulala. Nilijua, kwa kusoma, kwamba mwaka 2007 mtoto wa miaka 12 kule Maryland alifariki kwa sababu ya jino: usaha ulisafiri hadi kwenye ubongo. Nilikuwa nimelisoma hilo kama jambo la kukumbuka kwenye mtihani.

Kwa wasioujua mfumo wa huku: nyumbani ukimaliza kidato cha sita unaomba udaktari moja kwa moja, au udaktari wa meno, ni milango miwili tofauti tangu mwanzo. Marekani unasoma kwanza shahada ya miaka minne, na ndani yake unajenga njia ya mlango unaoutaka: masomo, mtihani, barua za maprofesa, saa za kujitolea. Nilikuwa nusu ya pili ya mwaka wa tatu. Njia yangu yote ilielekea udaktari wa binadamu. MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, nilishaulipia, ulikuwa Aprili, na nilikuwa na kadi za kukariri zimejaa kasha zima la viatu. Baba alikuwa akiniita Daktari tangu nikiwa darasa la nne.

Jumamosi ile niliombwa kwenda kukalimani kwenye kliniki ya meno ya bure, chumba cha chini cha kanisa, viti viwili vya kukunjwa na mashine ndogo ya eksirei. Mzee alikuwa amekwishafika. Daktari alikuwa mama mmoja mstaafu mwenye mikono midogo. Aligonga jino taratibu kwa mpini wa kioo chake, mzee akaruka. Akapiga picha, akanionyesha: gego la chini, na kwenye ncha ya mzizi kivuli cheusi cha mviringo. Alipodunga ganzi akaniambia nimweleze mzee kwamba tutasubiri, kwa sababu penye usaha ganzi hukosa nguvu, na hataki kuanza akiwa bado anahisi. Tukasubiri. Akadunga tena pembeni, mbali na uvimbe. Akamgusa fizi, akauliza, nikauliza, mzee akasema hapana, hasikii kitu.

Kilichofuata hakikuwa cha nguvu kama nilivyodhani. Alilitikisa jino kidogo kidogo, kulia, kushoto, akisikiliza kwa vidole, hadi lenyewe likakubali. Mizizi miwili mizima. Usaha ukatoka, akausafisha, akamkunjia pamba mzee aume. Dakika ishirini na kitu, ukiacha muda wa kusubiri.

Mzee alikaa. Akajishika shavu, safari hii kwa ncha za vidole. Machozi yakamtoka bila sauti. "Aksanti," akasema, na pamba mdomoni, "aksanti, aksanti."

Usiku mzima hospitalini tulikuwa tumemtendea mtu huyu kila kitu isipokuwa alichoomba. Na mimi, mwenye ndoto ya kuvaa koti jeupe, nilikaribia kutafsiri ombi lake kinyume.

Wakati wa kufungasha vifaa yule mama aliniuliza, kwa upole, nimekulia wapi. Nikajua anatazama meno yangu. Ni ya kahawia, yana madoa na vishimo, na nilishazoea kufunga mdomo mtu akiyatazama. Nikamwambia Tanzania, karibu na Arusha. Akasema: basi maji ya kwenu yana floraidi nyingi. Hakusema sijui kupiga mswaki. Tangu nifike Marekani nikiwa na miaka 14, ndiye mtu wa kwanza kuyataja meno yangu bila kunihukumu.

Akaanza kunisimulia. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifika Colorado Springs akakuta wenyeji wana meno ya kahawia kama yangu. Alihangaika na swali hilo kwa miaka mingi. Jibu lilipatikana 1931, mkemia alipopima maji na kukuta floraidi. McKay alikuwa ameona jambo jingine pia: meno yale ya madoa hayakuwa yakitoboka ovyo. Ndipo wakatafuta kiwango kidogo kinacholinda bila kuchafua, na mji wa kwanza duniani kukitia kwenye maji ya bomba ni huu huu tuliokuwa tumesimama, Grand Rapids, tarehe 25 Januari 1945.

Nilikaa kwenye kiti cha mgonjwa. Kitu kilichonifungisha mdomo utoto wangu wote, kule kinabubujika kutoka kwenye miamba ya Meru kupita kiwango, huku kinapimwa kwa uangalifu na kuwekwa. Shirika la Afya Duniani linataka kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maji mengi ya kwetu yanapita hapo mara kadhaa. Na madhara hutokea wakati meno ya utu uzima yanajengeka bado ndani ya fizi, mtoto hajui lolote. Hakuna mswaki ungeyazuia. Nilimwaza bibi yangu akitusugua meno kwa majivu hadi fizi zitoe damu, akiamini sisi ni wavivu.

Nilimwuliza yule mama kama naweza kumfuata kazini kila Jumamosi. Akasema njoo.

Mshauri wa wanafunzi chuoni alinitahadharisha kwamba nimechelewa. Alikuwa na haki kusema hivyo. Maombi ya vyuo vya meno yangefunguliwa Juni, sikuwa na barua ya daktari wa meno, na DAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya meno, ni mtihani mwingine kabisa. Baiolojia na kemia nilikuwa nazo. Sehemu iliyonitisha ni ile ya kupima jicho: maswali 90 kwa dakika 60, kukadiria pembe, kuhesabu vibweta, kutazama karatasi bapa na kusema ikikunjwa itakuwa umbo gani. MCAT nikaifuta. Hayo yote yalikuwa mepesi kuliko Jumapili niliyokwenda kwa Baba.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Daktari. Karibu chai."

Nilisubiri anywe. Nikamwambia. Aliweka kikombe chini polepole.

"Kwa hiyo umeshindwa?"

"Sijashindwa, Baba. Alama zangu ni zile zile."

"Nimeshawaambia watu kanisani."

"Najua."

Nikamsimulia habari za mzee wa Uvira tangu mwanzo, na neno kutosha, na jinsi nilivyokaribia kukosea. Nikamsimulia Colorado. Nilipofika kwenye floraidi, mkono wake ukapanda mdomoni. Huwa anafanya hivyo hata akiwa peke yake akitazama televisheni.

"Siyo uchafu?" akauliza.

"Siyo uchafu, Baba. Ni maji."

Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Siku ya harusi mpiga picha aliniambia nicheke. Nilikataa. Mama yako alidhani sikufurahi."

Picha hiyo ilikuwa ukutani nyuma yake. Wote wawili tuliitazama.

"Hao wa meno wanasoma miaka mingapi?"

"Minne baada ya hapa. Sawa na wale wengine."

"Na wanaitwa daktari?"

"Wanaitwa."

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akaenda kujiandaa na zamu yake ya usiku kwenye ghala analofanyia kazi ya kufungasha mizigo. Nami nikafungua kitabu cha mazoezi pale pale mezani, sehemu ya kukunja maumbo, ambayo nilikuwa naikosa kila mara. Baba alitoka chumbani amevaa buti, akasimama nyuma yangu akisubiri gari la mwenzake. Nilihisi anainama.

"Hilo ni la tatu," akasema.

Nikaangalia majibu nyuma ya kitabu. Lilikuwa la tatu. Akaonyesha linalofuata kwa kidole chake kinene chenye makovu ya gundi na makaratasi, akasema la kwanza, na la chini yake la nne, bila hata kuketi.

Asubuhi alirudi na bahasha kubwa ya makasha bapa yaliyokataliwa kazini, ya kila aina. Akayamwaga mezani kati ya vikombe, akachukua moja, akaliinua lifikie usawa wa macho yangu.

"Usitazame katikati," akasema. "Tazama ukingo. Ukingo ndio unaokuambia unakwenda wapi. Haya, kunja."