Nani apewe nini: asubuhi ya kuvua kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu

Tulitoka Moshi kabla ya adhana ya alfajiri, watu wanne kwenye Noah: mimi kwenye usukani, binamu yangu, mkewe, na mgeni wao kutoka Marekani. Mgeni alikuwa amekuja kupanda Kilimanjaro. Alishapanda, alishashuka, miguu bado inamuuma, na sasa alitaka kuvua. Kwao huvua kila mwaka, mtoni, kwa kulipa mtu anayemwongoza.

Himo tulisimama kwa chai na chapati. Hapo ndipo akauliza swali ambalo lilitufuata siku nzima: tukimaliza, hao wa mtumbwini tuwape kiasi gani?

Akatueleza ya kwao. Mwongozaji wa uvuvi hupewa tipu ya asilimia 15 hadi 20 ya bei ya safari, taslimu, mwisho wa siku, pale pale boti inapotolewa majini. Kama mko wawili kwenye boti moja, hesabu inafanywa kwa bei ya boti, si kwa kichwa. Hata mkirudi mikono mitupu tipu ipo, maana mwongozaji haamrishi samaki. Na kwenye boti za kukodi za baharini, anayefikiriwa kwanza ni kijana anayefunga chambo, kuosha boti na kuchuna minofu, kwa sababu nahodha mara nyingi ndiye mwenye boti na faida yake ameshaiweka kwenye bei.

Binamu akacheka. Yeye alikuwa mgumu, yaani alibeba mizigo mlimani miaka mingi kabla ya kuhamia jikoni kuwa mpishi, na habari za tipu anazijua kuliko za mchezo wa mpira. Mlimani, alisema, shida si asilimia. Shida ni mkono unaopitia. Mgeni anatoa bahasha moja nene kwa kiongozi, anaagana na watu, anakwenda hotelini kuoga. Bahasha ikifika kwa mpagazi wa mwisho imekonda. Ndiyo maana siku hizi makundi mengi husomewa viwango kwa sauti mbele ya wote: kiongozi hiki, msaidizi hiki, mpishi hiki, kila mpagazi hiki. KPAP, shirika linalotetea wapagazi hapo Moshi tangu 2003, limelipigia kelele sana jambo hili la uwazi. Binamu anasema ukishasikia kiwango chako kikitajwa mbele ya mgeni, hakuna wa kukuambia baadaye kwamba mzungu alikuwa bahili.

Kutoka Himo tulishika barabara ya Mwanga, milima ya Upare ikiwa kushoto. Mbele tukaacha lami na kukata kulia, na kutoka hapo ni vumbi, miiba na ng'ombe. Bwawa linaonekana ghafla. Lilijengwa katikati ya miaka ya 1960 kupokea maji ya Kikuletwa na Ruvu, na mtambo wake wa megawati 8 ukaanza kuzalisha umeme mwaka 1968. Siku hizi ukimuuliza mtu wa Moshi kuhusu Nyumba ya Mungu, atakutajia perege kabla ya umeme. Ulizia kwanza kama uvuvi umefunguliwa, kwa sababu serikali hulifunga bwawa mara kwa mara ili samaki wazaliane, na binamu alishapiga simu siku iliyotangulia.

Pale mwaloni tulianza na leseni. Malipo ya serikali yanakwenda kwa kontroo namba, unalipa kwa simu, unapewa risiti. Mgeni alikuwa ameshatoa noti mfukoni ampe ofisa "ya maji" kwa kutuhudumia haraka. Mke wa binamu akamshika mkono, akamwambia taratibu airudishe. Mtumishi wa umma aliye kazini si wa kupewa tipu. Unaweza kuwa na nia njema kabisa, lakini TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, hawapimi nia, na unamweka yule kijana wa watu pabaya mbele ya wenzake. Asante inatosha.

Aliyetuunganisha na mtumbwi alikuwa anatusubiri chini ya mti, kijana mchangamfu, simu mbili. Bei tulishakubaliana: elfu sitini kwa asubuhi nzima, mafuta ya mashine yakiwa ndani yake. Na yeye mwenyewe tulimpa chake pale pale.

Nahodha alikuwa mzee wa makamo mwenye kofia ya sufu. Tukamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yako kwenye viatu vya mgeni. "Hivyo avue," akasema, "akianguka navyo vitamvuta." Mwenzake alikuwa kijana wa kama miaka ishirini, kazi yake ikiwa kuchota maji yaliyovujia ndani kwa kidumu kilichokatwa nusu, bila kuacha, hata anapoongea.

Saa ya kwanza hatukupata kitu. Mzee hakuhangaika. Alizima mashine, akachukua kasia, akatupeleka pembeni ya matete, akapima kina kwa kamba yenye chubwi, akasogea kidogo, akapima tena. Alituambia perege jike hulea mayai mdomoni, na wakati huo hali kitu, kwa hiyo hata ukimwekea mnyoo mbele ya pua anakutazama tu. Kisha akatuonyesha mahali pa kutupa ndoano, si pale nilipodhani mimi, bali hatua chache nyuma, kwenye maji yaliyokuwa na rangi ya chai ya maziwa. Baada ya hapo mambo yakaenda. Perege wa kiganja, perege wa kiganja na nusu. Wadogo mzee aliwarudisha mwenyewe, hakutuuliza.

Kisha mgeni akanasa kambale. Mshipi ukaimba, mtumbwi ukayumba, akalipandisha dude lenye sharubu na kulinyooshea mkono. Yule kijana akatupa kidumu na kumpiga kikumbo. Kambale ana mwiba kila upande, kwenye pezi la nyuma ya kichwa, na anapojipinda huusimamisha. Kijana alimbana kwa vidole viwili nyuma kabisa ya ile miba, akamlaza tumbo juu, akaichomoa ndoano kwa kuizungusha mara moja, akaokota kidumu chake na kuendelea kuchota maji. Yote hayo labda sekunde kumi. Binamu akaninong'oneza: "Huyu ndiye wa kupewa."

Tukarudi kwenye hesabu. Kwa kanuni ya kwao mgeni, asilimia 15 ya elfu sitini ni elfu tisa. Ukigawa kwa wawili, kila mmoja anapata elfu nne na mia tano: sahani ya wali na soda. Na ile elfu sitini yenyewe haibaki mtumbwini, kwani mwenye chombo anachukua chake, mafuta yanatolewa. Asilimia zinafaa mahali ambapo bei ni kubwa na imepangwa. Huku kwetu mimi naona ni bora kumtazama mtu na kazi aliyoifanya. Tukaamua mzee elfu ishirini, kijana elfu kumi na tano. Mgeni alitaka kutoa dola, tukamkatalia. Noti ndogo za dola hupata bei ya chini kwenye duka la kubadilisha fedha, za zamani hukataliwa kabisa, na kumtuma mvuvi Moshi kubadilisha dola tano ni kumtia hasara.

Tulipotia nanga tu, yule wa simu mbili akaja. "Mangi, hiyo ya vijana nipe mimi, nitawagawia." Binamu hakumwacha amalize. "Ndugu yangu, wewe tumeshamalizana. Hawa tunawashika mkono wenyewe." Akataja kiwango cha kila mmoja kwa sauti, kama mlimani, na mgeni akatoa. Kijana alipokea kwa mikono miwili. Mzee hakutaka noti mfukoni akiwa bado na safari ya jioni majini, akaomba atumiwe kwa simu. Hapo mke wa binamu akamkumbusha mgeni aongeze ya kutolea, maana ukituma elfu ishirini kavu, mzee akienda kwa wakala hapati elfu ishirini.

Mgeni akataka pia kuwaachia samaki wote kama zawadi. Walicheka kwa adabu. Kumpa mvuvi perege ni kumrudishia alichokichoka. Walichukua kambale tu, na kijana akatuparia magamba ya waliobaki akiwa amechuchumaa kwenye jiwe, bila kuombwa.

Njiani mgeni aliendelea kupiga hesabu. Mlimani aliwapa wote, mtumbwini amewapa wote, je, dereva? Nikamwambia mimi ni ndugu, silipwi, lakini gari si ndugu wa mtu. Himo akajaza tangi.