Gari la udi

Mwenye gari alipofungua mlango, udi ulitutokea kabla hatujaona viti. Ulikuwa udi wa maana, si ule wa kupikwa kwa sukari. Fahmi akavuta pumzi akatabasamu kama mtu aliyekaribishwa harusini. Mimi nikarudi nyuma hatua mbili nikamwambia, "Twende zetu."

"Shangazi, hata hujaliangalia!"

Ni kweli, sikuwa nimeliangalia. Vitz nyeupe, safi, imeegeshwa chini ya mwarobaini huko Nyali, bei inaingia mfukoni mwake. Lakini nilikuwa nimeshageuka, natafuta tuktuk. Njiani alinibana nimweleze, nikamweleza nusu. Nusu nyingine naiandika hapa, maana hapa yeye hasomi.

Ilikuwa 2007. Nilikuwa na shilingi 240,000: mchezo wa mwaka mzima, ambao niliomba kupokea wa mwisho ili nisije nikazila, na bangili mbili nilizompelekea sonara bila mama kujua. M-Pesa ndiyo kwanza imeanza mwaka huo na mimi sikuiamini. Pesa zilikaa kabatini chini ya doti za kanga, na siku za kwenda kuangalia gari zilisafiri ndani ya kikapu, juu yake mchicha.

Watu wa bara hudhani sisi wa Mombasa magari tunayaokota tu, kwa kuwa meli zinashusha bandari ya Kilindini, mlangoni petu. Kuyaona tunayaona. Yanapita Changamwe kwa misafara yakielekea Uganda na kwingineko, vioo vya mbele vimeandikwa namba za mnada wa Japani kwa chaki, dereva ameketi juu ya nailoni. Lakini gari la kutoka melini lilikuwa ni lazima lisiwe limepita miaka 8 tangu lisajiliwe huko kwao, na likigusa nchi kavu lilipigwa ushuru wa asilimia 25, juu ya jumla hiyo asilimia 20 nyingine, na juu ya hiyo VAT ya 16. Ami, ndugu wa baba yangu, alilipiga hesabu hilo nyuma ya bahasha, akasema, "Mwanangu, utanunua gari moja lako, na robo tatu ya jingine la serikali."

Basi tukabaki na yale yaliyokwisha kula chumvi. Na Mombasa chumvi haiwi maneno tu. Inaingia kwenye vizingiti vya milango, inakaa chini ya mazulia, inatafuna bati kutoka ndani, na rangi ya juu bado inang'aa.

Jumapili tatu tulizunguka. Ami alikuwa na vitu vyake vitatu: kitambaa cheupe, mkeka wa kulalia chini ya gari, na sumaku aliyoitoa kwenye spika kuukuu, ameivisha soksi isikwaruze rangi. Magongo tuliona Corolla nzuri sana mpaka sumaku ilipofika ubavuni ikaanguka mchangani yenyewe. Pale bati lilikuwa limezibwa kwa puti nene kama mkate wa kumimina. Bamburi, Ami alifungua kofia ya oili akaigeuza, ndani mna utando kama chai ya maziwa iliyolala. Maji yamekutana na oili, gasketi imekwisha. Alishukuru, akafunga. Kongowea hata hatukufungua boneti, kwa sababu logbuku ilikuwa na jina la mtu ambaye, kwa maelezo ya muuzaji mwenyewe, alikuwa amefariki. Kitambaa cheupe kilikuwa cha ekzosi. Kikitoka na madoa ya oili, Ami alinikunjia uso na tukaondoka.

Jumapili ya nne tukaenda Tudor.

Dalali alisema ni Nissan B14, rangi ya fedha, mwenyewe ni mzee wa heshima, anauza kwa sababu binti yake anaolewa mfunguo mosi. Shilingi 235,000. Ami alipoisikia bei hakusema kitu, akakuna kidevu.

Mzee alitungojea barazani, kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua. Ami akamtolea shikamoo, ingawa kwa macho yangu walikuwa hirimu moja. Lakini kabla ya kupeana mkono, kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimeshalala juu ya boneti. Hiyo ilikuwa desturi yake. Boneti ikiwa moto, muuzaji ameshaiwasha injini asubuhi ili isije ikakataa mbele ya mgeni. Hii ilikuwa baridi. Ikawashwa, ikaitika mara moja. Kitambaa kikatoka ekzosi na weusi mkavu kidogo, basi. Sumaku ikashika kila mahali. Ami alilala juu ya mkeka kwa muda mrefu, akatoka na vumbi mgongoni na uso wa mtu aliyeshangaa.

"Na uzuri wake," akaninong'oneza, "hii injini vali zake zinaendeshwa na mnyororo, si mkanda. Huna habari ya kubadilisha."

Tukalizungusha mpaka Tononoka na kurudi. Niliendesha mimi. Nikajaribu redio, ikakoroma tu, kwa kuwa redio za Kijapani za wakati ule ziliishia 90 na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Hata hilo nililipenda. Nilishaanza kupanga wapi nitaliegesha pale nyumbani, na jirani gani litamuuma zaidi. Na udi! Tangu nafungua mlango udi ulikuwa umenikumbatia. Niliona ni ustaarabu wa mzee.

Tuliporudi, mzee akaingia ndani kutuletea kahawa. Ami akanifungulia mlango wa nyuma.

"Ingia. Pandisha vioo vyote. Kaa kimya."

Nikaingia. Jua la saa tano lilikuwa juu ya paa. Baada ya dakika moja jasho likaanza kunitoka chini ya buibui, na ule udi, uliokuwa mwembamba kwa upepo wa safari, ukaanza kuwa mzito. Ami alifungua mlango wa pili akaketi kando yangu, akaufunga.

"Wasikia harufu gani?"

"Udi."

"Na chini ya udi?"

Nikavuta tena. Sasa hapa ndipo ninapotaka kusema ukweli, maana miaka yote nimekisimulia kisa hiki kama kwamba pua yangu haikujua. Ilijua. Chini ya udi palikuwa na kitu kingine, kidogo, kama kanga iliyosahauliwa siku tatu ndani ya beseni. Niliisikia harufu ile wazi kabisa. Lakini nilikuwa nimeshalitaka gari. Kikapu kilikuwa mapajani mwangu, na mchicha ulikuwa umeanza kunyauka.

"Udi tu, Ami."

Hakunitazama. Aliinua mkono akaushika mkanda wa kiti, ule wa upande wake, akaanza kuuvuta. Si kwa kiasi cha kujifunga. Aliuvuta ukapita kifua chake, ukapita magoti, akauweka mapajani mkunjo juu ya mkunjo kama mwanamke anayekunja utepe, na mkanda ukaendelea kutoka, mweusi, safi, mweusi, safi. Sikujua kuwa mkanda wa gari ni mrefu hivyo. Nikawa nasikia kigurudumu chake kikizunguka ndani ya nguzo, kikwaru, kikwaru, kama kina mchanga. Halafu ukafika pale ambapo hakuna mtu huvuta, ile pima ya mwisho inayolala gizani maisha yote ya gari. Hapo rangi ikabadilika. Kwanza mstari mwembamba wa hudhurungi, umenyooka kama uliopigwa na rula. Baada ya mstari, mkanda wote mpaka mwisho ulikuwa na rangi ya tope. Kavu. Ami akaupitisha dole gumba, na vumbi laini likaanguka juu ya kanzu yake.

Mvua za mwisho wa 2006 zilifurika Pwani nzima. Kila mtu ana kisa chake cha mvua zile. Gari hili nalo lilikuwa na chake. Lilisimama ndani ya maji mpaka usawa wa viti, au zaidi. Mazulia yaliweza kufuliwa na kuanikwa, viti vikasuguliwa, injini ikamwagwa na kujazwa upya. Ila hakuna aliyekumbuka kuuvuta mkanda mpaka mwisho.

Nilipoinua macho, mzee alikuwa amesimama nje ya kioo na sinia ya kahawa. Sijui alikuwa pale tangu lini. Alimtazama Ami, Ami akamtazama. Mkanda wote ulikuwa bado umelala mapajani mwa Ami, na tope lake juu.

Ami akauachia. Ukarudi ndani kwa kishindo, tak, kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Kahawa itapoa," mzee akasema.

Tukanywa kahawa. Vikombe viwili viwili, na haluwa. Ami alisifu haluwa, akauliza harusi itafanyiwa wapi, akamwombea binti heri. Kisha akasema, "Gari zuri, mzee wangu. Basi tu, huyu mwalimu wetu anataka dogo zaidi." Mzee akaitikia, "Mungu atamjaalia." Sijawahi kuona watu wawili wakiambiana uongo kwa adabu kama ile.

Tulipokuwa tunatoka tukapishana langoni na mume na mke, vijana, mke amebeba mtoto wa miezi sita hivi, mume ana bahasha ya kaki mfuko wa shati na anaigusa kila hatua. Dalali alikuwa nyuma yao. Tukasalimiana. Nilisikia mlango wa gari ukifunguliwa nyuma yetu, kisha sauti ya yule mwanamke, ya furaha tupu:

"Mashaallah! Gari lanukia!"

Nilimtazama Ami. Ami alikuwa anatazama barabara.

Tulitembea mpaka kituoni, na hapo ndipo aliponieleza yale ya waya, kwamba gari lililozama haliharibiki siku ile. Waya huoza kimyakimya ndani ya maganda yake, na baada ya mwaka au miaka miwili taa zinawaka zenyewe, injini inazima barabarani bila sababu, na hakuna fundi atakayeona ugonjwa ulipo. Nikamwambia, "Tungewaambia wale."

"Mzee wa watu ana harusi," akasema. "Mtu mzima husitiriwa."

"Na wale je?"

Akanyamaza mpaka matatu ikafika. Akiwa ameshaweka mguu mmoja ndani akageuka. "Ungewaambia nini, mwanangu? Kwamba umesikia udi?"

Hatukulizungumza tena.

Wiki mbili baadaye tulipata Starlet, Mikindani, shilingi 220,000. Ami alivuta mikanda yote minne mpaka mwisho, yote misafi, na tukanunua kwa moyo mweupe. Muuzaji alikuwa ameapa kuwa mkanda wa taiming, ule unaoendesha vali za injini, umebadilishwa majuzi, na kwa ile shughuli ya mikanda ya viti hakuna aliyekumbuka kuufungua kifuniko na kuuangalia. Ulikatika Novemba, Kibarani, saa moja asubuhi, malori yananipigia honi nyuma na moshi wa jaa la taka unaingia dirishani. Kwa bahati injini ile ni ya aina ambayo vali hazigongani na pistoni mkanda ukikatika, kwa hiyo ilizima tu, haikufa. Ami alicheka mpaka akaketi chini. Gari lile nilikaa nalo miaka tisa. Ami hakufika nalo mwisho wake.

B14 ya rangi ya fedha zilikuwa nyingi Mombasa miaka hiyo. Kila nilipoikuta moja imefunguliwa boneti kando ya njia, nilipunguza mwendo nikatazama kama kuna mwanamke na mtoto. Mara moja, kwenye foleni ya feri Likoni, niliona moja inatembea vizuri kabisa, mtoto mkubwa kidogo amelala kiti cha nyuma, mdomo wazi. Inaweza kuwa yao, inaweza isiwe. Namba niliisahau, na sidhani niliisahau kwa bahati mbaya.

Nilipomaliza kumsimulia Fahmi ile nusu yake, tulikuwa tumeshafika daraja la Nyali. Akamgonga dereva wa tuktuk begani, akamwambia ageuze. Mwenye Vitz, binti mdogo wa ofisini, alitupokea tena bila kinyongo, akasema udi ni wa mamake, hulifukiza kila Ijumaa tangu walinunue. Nikavuta mkanda wa mbele, nikavuta wa nyuma, mpaka mwisho, vyote safi. Nikamwambia Fahmi na taiming je, akasema Vitz hii ina mnyororo, ameshasoma. Halafu akanifungulia mlango wa nyuma, akapandisha vioo, akaketi kando yangu.

"Wasikia harufu gani, shangazi?"

"Udi."

"Na chini yake?"

Nikavuta pumzi tena.