Ritani yangu nimeijaza mwenyewe

Barua pepe iliyosajiliwa kwenye TIN yangu, yaani namba yangu ya mlipa kodi, haikuwa yangu. Ilikuwa ya mhasibu. Namba ya simu pia ilikuwa yake. Miaka sita mimi ni mlipa kodi wa Uganda, na kila ujumbe wa kodi uliotumwa kwa jina langu ulikuwa unaingia kwenye simu ya mtu mwingine.

Nililijua hilo Novemba 2024, jioni, nimeshafunga duka na binti yangu ameweka laptopu yake juu ya meza ya kukatia vitambaa. Alikuwa ameniambia, "Mama, hii kazi tunaiweza." Tukafungua tovuti ya kodi, tukaandika TIN, na kwa kuwa nenosiri sikuwahi kuwa nalo, tukabonyeza pale pa kusema nimelisahau. Mfumo ukajibu kwamba umetuma maelekezo kwenye barua pepe, ukaonyesha herufi mbili za mwanzo na nyota. Herufi zile hazikuwa za jina langu wala la mtu yeyote wa nyumbani kwetu. Nilizitazama muda mrefu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Jinja. Nyumbani ni Walukuba, mtaa wa hapa hapa Jinja, ambako Kiswahili tumekirithi kwa wazee waliokuja kufanya kazi viwandani. Babu yangu alikuwa kiwanda cha nguo. Dukani nashona gomesi (gauni letu refu la sherehe), kanzu na sare za shule, na nina wasichana wawili wanaonisaidia. Desemba ni msimu wa harusi na kwanjula, ile sherehe ya kutambulisha mchumba ukweni, watu wanataka gomesi jana, na Desemba hiyo hiyo, tarehe 31, ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, yaani fomu ya tamko la kodi, ya mwaka wa fedha ulioisha Juni 30. Ndiyo maana nilikuwa namwachia mhasibu. Kila mwaka namlipa shilingi 150,000 zake, ananiambia kodi ni 400,000, naitoa, ananiletea karatasi, naiweka kwenye kopo la vifungo.

Mwaka huo wa 2024 alipandisha ada yake hadi 200,000. Sikubisha. Nilimuuliza tu ile 400,000 inatoka wapi, kwa nini haipandi wala haishuki, wakati mimi najua mwaka wa juzi ulikuwa mbaya na uliofuata ulikuwa na nafuu. Akanijibu, "Dada, hayo ni mambo ya mfumo, utajichosha bure." Neno hilo liliniuma. Mtu anayeweza kupima mwili wa bi harusi kwa macho na kukata kitambaa bila kupoteza hata shubiri moja, hesabu ya kodi yake mwenyewe itamchosha kwa nini?

Basi nilikwenda ofisi ya kodi na kitambulisho cha taifa, nikajaza maombi ya kubadilisha barua pepe na simu. Kijana wa dirishani alinihudumia vizuri na hakushangaa hata kidogo; nadhani si mara ya kwanza kuona jambo hilo. Siku chache baadaye nikaingia kwenye akaunti yangu kwa mara ya kwanza. Kwa haki ya yule mhasibu, niseme wazi: pesa alikuwa anazilipa. Kila 400,000 niliyompa niliikuta pale, tarehe na namba ya malipo. Hakuniibia. Lakini niliifungua ritani yake ya mwaka uliopita, nikaisoma mstari kwa mstari, nikafika pale panapohusu kumbukumbu za biashara, kama mwenye biashara anazitunza au hazitunzi. Alikuwa ameandika kwamba sizitunzi.

Hapo ndipo ile 400,000 ilipokuwa inatoka.

Nieleze, kwa sababu wengi wetu wenye maduka hatuambiwi. Kwa biashara ndogo ambayo mauzo yake hayafiki milioni 150 kwa mwaka, sheria yetu inatoza kodi ya makadirio. Haiangalii faida, inaangalia mauzo yote. Mauzo yasiyozidi milioni 10, hulipi. Ukivuka hapo, kuna njia mbili. Asiye na kumbukumbu hulipa kiasi kilichopangwa: 80,000 hadi kwenye milioni 30, kisha 200,000 hadi 50, kisha 400,000 hadi 80, kisha 900,000 hadi 150. Mwenye kumbukumbu hulipa kulingana na alichouza hasa. Kwa anayeuza kati ya milioni 50 na 80 kama mimi, ni 180,000 na juu yake asilimia 0.6 ya kile kinachozidi milioni 50. (Daktari, wakili, mhandisi, mjenzi na wengine wa namna hiyo hawamo katika mpango huu hata kama mauzo yao ni madogo.)

Na mimi kumbukumbu ninazo! Nina kauntabuku, daftari la kuandikia mauzo, tangu siku nilipofungua duka. Kila mteja nimemwandika: jina, vipimo, kitambaa, bei, alichotanguliza, alichobakiza. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama ninazo.

Jumapili tatu mfululizo binti yangu na mimi tulihamisha kauntabuku kwenda kwenye Excel. Mimi nasoma, yeye anaandika. Tulitumia safu tano tu: tarehe, mteja, kazi, pesa taslimu, pesa za simu. Kompyuta ikajumlisha: 66,215,000. Nilifurahi kwanza, maana sikujua nimefanya kazi kubwa kiasi hicho. Kisha usiku sikupata usingizi. Niliijua mifuko yangu, na hizo pesa hazikupita humo.

Asubuhi nilichukua ukurasa mmoja wa Agosti 2023 nikausoma polepole, kidole juu ya kila mstari. Mama mmoja aliagiza gomesi ya 180,000, akatanguliza 100,000. Siku ya kuagiza niliandika bei yote, 180,000. Siku ya kuchukua, wiki mbili mbele, niliandika 80,000 alizomalizia. Kwenye kauntabuku mimi naelewa, kwa sababu ile 80,000 naizungushia duara. Kompyuta haijui maana ya duara. Binti yangu aliandika tarakimu, na Excel ikajumlisha gomesi moja kama 260,000.

Tukarudi mwanzo. Kila duara tukalitafuta, ukurasa baada ya ukurasa, kisha tukalinganisha na taarifa ya pesa za simu ya mwaka mzima. Zilitoka 4,375,000 zilizohesabiwa mara mbili. Mauzo halisi yakawa 61,840,000. Kwa kodi tofauti yake ni 26,250 tu, naijua, lakini si hiyo iliyonitoa jasho. Ritani ni tamko langu. Ninaposaini kwamba niliuza kiasi fulani, nataka kiwe ndicho. Na tangu siku ile, dukani kwetu tunaandika pesa siku inapoingia mkononi, si siku ya kuagiza. Duara limekufa.

Kujaza ritani yenyewe ilikuwa kazi ndogo kuliko hofu yake. Zamani ilikuwa faili la Excel lenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani yake: unalipakua, unaliruhusu lifanye kazi, unalijaza, unalikagua, ndipo unalipandisha kwenye tovuti, na likikataa hujui limekataa nini. Siku hizi unajaza kwenye tovuti yenyewe. Ni Kiingereza, na Kiingereza cha sheria, kwa hiyo niliweka karatasi pembeni nikaandika kila neno gumu na maana yake kwa Kiswahili kabla ya kujaza chochote. Nililokaa nalo sana ni lile la mauzo yote. Nilitaka kutoa kodi ya pango, uzi, vitambaa na mishahara ya wasichana. Hapana. Katika mpango huu hakuna kutoa gharama hata moja. Viwango vimewekwa chini kwa sababu hiyo. Anayeona gharama zake zimekula karibu kila kitu anaweza kumwandikia Kamishna wa kodi kwamba amechagua kutozwa kwa faida kama wafanyabiashara wakubwa, lakini hapo vitabu vinatakiwa viwe kamili, na mimi bado sijafika huko.

Tulipofika katikati, yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikaisha. Giza. Laptopu ilikuwa na chaji lakini kile kifaa cha intaneti kilizimika, na tuliporudi mfumo ulikuwa umetutoa nje. Kumbe kuna kitufe cha kuhifadhi ritani ambayo haijamalizika. Kibonyeze kila baada ya ukurasa.

Sasa jambo ambalo mpaka leo linanikereketa. Mwaka ule nilishona sare za shule moja, kazi ya 2,600,000. Waliponilipa walikata asilimia 6, yaani 156,000, wakanipa cheti. Mimi niliona ni makato tu kama makato mengine, nikaweka cheti kwenye kopo la vifungo. Wakati wa kujaza ritani nikaona sehemu ya kodi ya zuio. Zile 156,000 ni kodi yangu ambayo imeshafika serikalini kwa jina langu! Zinatolewa kwenye deni. Nikatikisa kopo mezani, na vifungo vikasambaa chumba kizima. Humo mlikuwa na cheti hicho, na chini yake vyeti vingine viwili vya miaka ya nyuma, vya shule hiyo hiyo. Nilirudi kwenye ritani za mhasibu kuvitafuta. Havimo. Hakuwahi kuniuliza kama nimekatwa, na mimi sikujua kwamba ni jambo la kusema.

Nilipiga hesabu kwa kalamu kwanza. Kinachozidi milioni 50 ni 11,840,000, asilimia 0.6 yake ni 71,040. Ongeza 180,000, unapata 251,040. Toa 156,000. Zinabaki 95,040. Kisha nikabonyeza, na mfumo ukaleta 95,040. Binti yangu alipiga kelele wasichana wakatoka nje kuona kuna nini.

Niliwasilisha tarehe 14 Desemba, nikapata namba ya malipo, nikalipa kwa simu nikiwa nimesimama kando ya pasi. Ujumbe wa kupokelewa ulikuja kwenye barua pepe yangu. Yangu.

Sisemi kila mtu amfukuze mhasibu wake. Mwenye kampuni, mwenye VAT (kodi ya ongezeko la thamani), anayeingiza mizigo kutoka nje, huyo anahitaji mtu aliyesomea, na ahakikishe ni wakala wa kodi aliyesajiliwa. Hata huyo, TIN iwe na barua pepe yake mwenyewe na nenosiri alijue. Mhasibu akichelewa, faini inakuja kwa jina lako: 200,000 kwa kila mwezi au asilimia 2 ya kodi, ile iliyo kubwa zaidi. Na karatasi usizitupe, sheria inataka zikae miaka mitano. Mimi nimenunua faili. Kopo limebaki na vifungo.

Vile vyeti viwili vya zamani nimevipeleka ofisini kuuliza kama ritani za miaka ile zinaweza kurekebishwa. Wamevipokea, nasubiri.

Wiki iliyopita dada mmoja anayeshona mashuka upande wa pili wa barabara alikuja na kauntabuku yake ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, ameikumbatia kifuani. Yeye pia ana mhasibu, yeye pia hulipa kiasi kile kile kila mwaka. Nilimuuliza anaandikaje pesa za kutanguliza. Akafungua ukurasa akanionyesha: haweki duara, anapiga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu. Tulianza Jumapili, kutoka Julai 2024. Tumefika Septemba.